Kitufe, Tukio na Nodi: Namna JavaScript Inavyopokea Mibofyo na Kupanga Upya Ukurasa

Vitabu vingi vinavyofundisha JavaScript hutenga sura moja kwa ajili ya mibofyo ya vitufe na sura nyingine, mara nyingi mbali na hiyo ya kwanza, kwa ajili ya kuongeza, kuondoa na kuhamisha vipande vya ukurasa, na kwa mpango huo msomaji hujengewa dhana kwamba hizo ni stadi mbili zinazokutana kwa nasibu tu. Namna kivinjari kinavyofanya kazi inaonyesha kinyume chake. Mbofyo hauna maana mpaka uwe mbofyo wa kitu fulani, na kupanga upya hakuna maana mpaka ijulikane kwamba kitu kilichoko hapa sasa ndicho kilekile kilichokuwa pale awali. Kwa hiyo chini ya sura zote mbili liko swali moja, nalo ni swali la utambulisho wa vitu. Hoja itakayojengwa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya hitilafu za kurasa zinazobofywa na kupangwa upya hutokana na mwandishi wa programu kuuona ukurasa kama maandishi ya kufutwa na kuandikwa tena, ilhali kivinjari kinauona kama mti wa vitu vyenye kumbukumbu zake.

Ukurasa wa wavuti husafiri mtandaoni ukiwa maandishi ya lugha ya HTML, lakini maandishi hayo husomwa na kivinjari mara moja tu, na kutokana nayo hujengwa mti wa vitu ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Mti huo hujulikana kwa herufi tatu, DOM, na kila kipande chake, kiwe aya, kitufe, picha au maneno yaliyomo ndani ya aya, huitwa nodi. Nodi zinazotokana na lebo za HTML ndizo ziitwazo elementi. Istilahi za ukoo ndizo zinazotawala hapa: nodi iliyobeba nyingine ni mzazi, zilizobebwa ni watoto, na watoto wa mzazi mmoja ni ndugu wanaofuatana kwa mpangilio maalumu. Ili uchambuzi usielee hewani, na uchukuliwe ukurasa mmoja mwepesi wenye orodha ya mikoa 31 ya Tanzania, 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar, ambamo kila mkoa ni elementi moja iliyobeba jina, idadi ya watu kwa mujibu wa sensa ya 2022, kisanduku cha kuandikia maelezo, na vitufe viwili vidogo vya kuusogeza mkoa huo juu au chini. Juu ya orodha nzima viko vitufe vingine viwili, kimoja cha kupanga mikoa kwa jina na kingine cha kuipanga kwa idadi ya watu.

Kila nodi ya orodha hiyo hubeba mambo ambayo hayamo kabisa katika maandishi ya HTML yaliyoizaa. Maneno ambayo mtumiaji ameyaandika katika kisanduku cha maelezo lakini hajayatuma, alama ya kwamba kitufe fulani ndicho kinachosubiri amri za kibodi kwa sasa, mahali ambapo video imefikia, na maagizo yaliyofungwa kwenye kitufe ili yatekelezwe kinapobofywa, yote hayo huishi ndani ya nodi. Nodi ikihamishwa, mengi kati ya hayo huhama nayo. Nodi ikifutwa na nyingine inayofanana nayo ikaundwa mahali pake, yote hupotea, ingawa macho ya mtazamaji hayataona tofauti yoyote kwa mara ya kwanza.

Historia ya mbofyo katika kurasa huanzia mwaka 1995, pale Brendan Eich, akiwa mwajiriwa wa kampuni ya Netscape, alipoandika toleo la kwanza la JavaScript kwa takriban siku 10, na lugha hiyo ikaingizwa katika kivinjari cha Navigator 2. Wazo la kukibebesha kitufe maagizo yake lilikuwa na mtangulizi mashuhuri katika HyperCard, programu iliyoundwa na Bill Atkinson na kutolewa na Apple mwaka 1987, ambamo kitufe kiliweza kuelezwa cha kufanya pale kitufe cha kipanya kinapoachiliwa. Katika Navigator ya mwanzo maagizo yaliandikwa ndani ya lebo yenyewe ya HTML kwa sifa iitwayo onclick, na yaliyoweza kubadilishwa ukurasani yalikuwa machache mno: visanduku vya fomu, na baadaye kidogo picha. Mwaka 1997 Internet Explorer 4 ya Microsoft ilifungua ukurasa mzima, kila elementi ikawa inaweza kufikiwa na kubadilishwa, huku Netscape ikienda na mfumo wake wa matabaka usiopatana na ule wa mshindani wake.

Mgongano huo haukuwa wa majina tu. Mtumiaji akibofya kitufe cha kusogeza mkoa wa Mwanza, amebofya kitufe, lakini pia amebofya elementi ya mkoa iliyokibeba, na orodha iliyoubeba mkoa, na ukurasa mzima; basi ni nani kati ya hao anayestahili kupewa habari kwanza? Netscape 4 iliamua kwamba habari ishuke kutoka kwenye shina la mti kuelekea kitufe, na Internet Explorer 4 ikaamua kwamba ianze kwenye kitufe na kupanda kuelekea shina. Shirika la viwango la W3C, lililokwisha kutoa kiwango cha kwanza cha DOM mwaka 1998, lilipatanisha pande hizo mwaka 2000 katika kiwango cha pili kwa kuzikubali zote mbili: habari ya mbofyo, ambayo kitaalamu huitwa tukio, hushuka kutoka juu hadi kwenye elementi iliyobofywa, kisha hupanda tena kurudi juu, na mwandishi wa programu huchagua asikilize katika awamu ipi. Suluhu hiyo ina harufu ya maridhiano ya kisiasa kuliko ubunifu wa kihandisi, lakini imedumu, na hata Microsoft, iliyoendelea kwa miaka na njia yake yenyewe, iliifuata ilipotoa Internet Explorer 9 mwaka 2011.

Njia iliyoletwa na kiwango hicho ni addEventListener, mbinu inayopewa jina la tukio na kitendakazi, yaani kipande cha programu kitakachoitwa tukio likitokea; kitendakazi kilichofungwa hivyo kwenye nodi kitaitwa hapa kisikilizi. Ubora wake juu ya onclick ni kwamba nodi moja inaweza kuwa na visikilizi vingi visivyofutana, na kwamba maagizo hukaa ndani ya programu badala ya kutawanywa katika lebo za HTML. Ili kisikilizi kiondolewe baadaye ni lazima kitajwe kitendakazi kilekile kilichofungwa, si kingine chenye maneno yaleyale. Hapa swali la utambulisho linajitokeza tena: vitendakazi viwili vilivyoandikwa sawa herufi kwa herufi bado ni vitu viwili.

Awamu ya kupanda ndiyo iliyozaa mbinu yenye manufaa makubwa kuliko zote katika kurasa zinazopangwa upya, nayo ni kukasimu. Badala ya kufunga visikilizi 62 kwenye vitufe vidogo vya mikoa 31, mwandishi hufunga kisikilizi kimoja tu kwenye orodha yenyewe, akijua kwamba kila mbofyo utakaotokea ndani ya orodha utapanda na kukifikia. Kisikilizi hicho hupewa kitu kinachoeleza tukio, na ndani yake zipo sifa mbili ambazo huchanganywa mno: target, yaani nodi ambapo tukio lilitokea hasa, na currentTarget, yaani nodi ambayo kisikilizi kinachoendeshwa kimefungwa kwake. Kwa kuwa kitufe kinaweza kuwa na alama ndogo au picha ndani yake, na mbofyo ukaangukia picha hiyo badala ya kitufe chenyewe, ni busara kutokuitegemea target kavukavu, bali kupanda kutoka hapo kwa mbinu iitwayo closest mpaka ipatikane elementi ya kitufe, kisha elementi ya mkoa. Mikoa ikibadilishana nafasi au ikiongezwa mipya, kisikilizi cha orodha hakihitaji kuguswa, kwa sababu hakijafungwa kwenye chochote kinachohama.

Hata hivyo, kukasimu na kuhamisha vikikutana hutokea jambo lisilotarajiwa na wengi. Njia ambayo tukio litapita, kutoka shina hadi kitufe na kurudi, hupangwa mara moja kabla ya kisikilizi cha kwanza kuitwa, na haibadiliki hata kama mti utapanguliwa katikati ya safari. Mkoa ukiondolewa na kisikilizi kilichoko kwenye orodha, tukio litaendelea kupanda kwa wazazi walewale waliohesabiwa mwanzoni. Matokeo yake huonekana katika kasoro moja maarufu: ukurasa una menyu inayopaswa kufungwa mtumiaji akibofya nje yake, na kisikilizi kilicho juu kabisa huuliza kama nodi iliyobofywa imo ndani ya menyu, mtumiaji anabofya kitu kilichomo ndani, kitu hicho kinaondolewa na kisikilizi chake chenyewe, na swali linapoulizwa juu kabisa jibu linakuwa hapana, menyu ikafungwa bila sababu. Dawa ni kuiuliza njia iliyohifadhiwa na tukio, kupitia mbinu ya composedPath, badala ya kuuliza mti ulivyo sasa. Wengi hukimbilia kuzuia tukio lisipande kwa stopPropagation, lakini hiyo ni dawa mbaya, kwa kuwa huwanyima habari visikilizi vingine vyote vya juu ambavyo huenda viliihitaji.

Yafaa pia kueleza mbofyo wenyewe ni nini, maana jina lake linapotosha kidogo. Tukio la click si kubonyeza kipanya. Ni hitimisho la kubonyeza na kuachilia, na linaweza kuzaliwa bila kipanya kuwapo. Kitufe halisi cha HTML, yaani elementi ya button, hutoa tukio hilohilo kikiguswa kwa kidole, kikibonyezwa Enter au nafasi kwenye kibodi, au kikiamriwa na kisoma skrini kinachotumiwa na mtu asiyeona. Elementi ya div iliyopambwa ikafanana na kitufe haina uwezo huo: haifikiki kwa kibodi, haiitikii Enter, na haitangazwi kuwa ni kitufe. Mwandishi anayechagua div kwa sababu ya urahisi wa kuipamba hulazimika kujenga kwa mkono yale yote ambayo angeyapata bure, na kwa kawaida husahau nusu yake. Hakuna sababu ya kiufundi inayotosha kuutetea uchaguzi huo. Tahadhari pekee inayohitajika kwa button ni kwamba, ikiwa ndani ya fomu bila kutajiwa aina, huhesabiwa kuwa kitufe cha kutuma fomu, na ukurasa hupakiwa upya mbele ya mtumiaji aliyetaka kupanga orodha tu. Ni vyema kuandika aina yake kuwa button tangu mwanzo kuliko kuzuia utumaji baadaye kwa preventDefault.

Kwa kuwa mbofyo ni kubonyeza na kuachilia, kuna muda mfupi kati ya vitendo hivyo viwili, na katika muda huo ukurasa unaweza kuhama. Orodha inayojipanga yenyewe kila habari mpya zinapofika kutoka kwenye seva inaweza kubadilika kidole kikiwa bado kimeshikilia, na hapo kubonyeza huangukia kitufe kimoja na kuachilia huangukia kingine. Kanuni za kivinjari huupeleka mbofyo wa namna hiyo kwa mzazi wa karibu anayeviunganisha vyote viwili, na kwa kawaida hakuna kinachotokea. Hali mbaya zaidi ni pale orodha inapohama nukta chache kabla ya kidole kufika, kwa kuwa hapo mbofyo ni halali kabisa ila umeangukia kitu kisichokusudiwa. Hakuna mbinu ya programu inayotibu tatizo hili baada ya kutokea. Linalowezekana ni kutopanga upya kitu ambacho mtumiaji anakigusa, na kumwachia yeye mwenyewe kitufe cha kuamuru mpangilio mpya uonekane.

Simu nazo zilileta shida ya aina yake. Tangu iPhone ya 2007, kugusa mara mbili kulimaanisha kukuza ukurasa, na kwa hiyo vivinjari vya simu vilisubiri takriban milisekunde 300 baada ya mguso wa kwanza ili kujua kama wa pili unakuja. Kwa miaka kadhaa waandishi walitumia maktaba maalumu kuukwepa ucheleweshaji huo, mpaka Chrome ilipouondoa mwaka 2014 kwa kurasa zilizotangaza upana unaolingana na wa kifaa, na Safari ikafuata mwaka 2016. Masalia ya maktaba hizo bado yamo katika programu za zamani, yakifanya kazi ambayo haihitajiki tena.

Upande wa kupanga upya, kanuni ya kwanza na iliyo muhimu kuliko zote ni kwamba nodi moja haiwezi kuwa na wazazi wawili wala kukaa mahali pawili. Mbinu za appendChild, insertBefore, na zile mpya zaidi kama append, before na after, zikipewa nodi ambayo tayari imo mtini, haziitengenezei nakala; huing'oa ilipo na kuipachika inapotakiwa. Wanaoanza huandika hatua ya kuondoa kabla ya hatua ya kupachika, na hatua hiyo ya kwanza haina kazi. Kutokana na kanuni hii, kupanga orodha nzima kunakuwa jambo la maelezo mafupi: watoto wa orodha hukusanywa katika safu ya kawaida ya JavaScript, safu hupangwa kwa kigezo kinachotakiwa, kisha watoto hupachikwa tena mmoja baada ya mwingine mwishoni mwa orodha ileile. Kila mmoja anapopachikwa anang'oka alipokuwa, na wa mwisho akishapachikwa orodha yote iko katika mpangilio mpya, ikiwa na nodi zilezile, visikilizi vilevile na maelezo yaleyale yaliyoandikwa katika visanduku.

Hatua ya kukusanya katika safu si mapambo. Mkusanyo unaorudishwa na sifa ya children, au na mbinu ya getElementsByClassName, ni mkusanyo hai, yaani hujibadilisha wenyewe kila mti unapobadilika, na anayeupitia kwa namba huku akihamisha nodi zake atajikuta ameruka baadhi na kurudia nyingine. Mkusanyo wa querySelectorAll, kinyume chake, ni picha ya wakati ulipoombwa na haubadiliki. Hatua ya kupanga nayo ina mtego wake, kwa kuwa sort ya JavaScript, isipopewa kigezo, hugeuza kila kitu kuwa mfuatano wa herufi na kulinganisha herufi moja moja. Idadi ya watu ikilinganishwa kwa namna hiyo kutoka kubwa kwenda ndogo, mkoa wa Njombe, wenye watu wasiofika milioni 1 lakini ambao idadi yao inaanza na tarakimu 8, utatangulia mbele ya Dar es Salaam yenye zaidi ya milioni 5. Hata anayetoa kigezo hukwama akisahau kwamba namba iliyosomwa kutoka ukurasani bado ni maandishi, tena yenye mikato ya maelfu. Njia safi ni kuihifadhi namba tupu katika sifa ya data ya elementi na kuigeuza kuwa namba kabla ya kulinganisha. Majina nayo yapangwe kwa localeCompare, la sivyo herufi kubwa zote zitatangulia herufi ndogo zote. Jambo la faraja ni kwamba tangu kiwango cha lugha cha 2019 upangaji umehakikishiwa uthabiti, yaani vitu vinavyolingana kwa kigezo hubaki katika mfuatano vilivyokuwa nao, na kwa hiyo mtumiaji anayepanga kwa jina kisha kwa kanda huikuta mikoa ya kila kanda ikiwa bado imefuatana kwa jina.

Kinyume cha njia hii ni innerHTML, sifa inayomruhusu mwandishi kukabidhi maandishi mapya ya HTML na kivinjari kikajenga upya kila kilichomo. Inavutia kwa kuwa inafanana na namna ukurasa ulivyoandikwa mwanzoni, na kwa ukurasa usio na chochote ndani ya nodi zake haina ubaya. Katika orodha ya mikoa, hata hivyo, kuitumia kupanga upya ni kama kuvunja kabati na kuchonga jingine linalofanana nalo badala ya kulisogeza: maelezo yaliyokuwa yakiandikwa yanatoweka, visikilizi vilivyofungwa kwenye vitufe vidogo vinabaki kwenye nodi zisizoonekana tena, na programu iliyokuwa imeishika elementi ya Mwanza katika kigeu chake inaendelea kuiamuru elementi iliyokwisha kutupwa, bila kosa lolote kutangazwa. Kuna pia hatari ya kiusalama, kwa sababu maandishi yaliyotoka kwa mtumiaji yakiunganishwa humo bila kusafishwa yanaweza kubeba maagizo ya programu ya mtu mwenye nia mbaya. Jina la mkoa linaloandikwa kwa textContent haliwezi kufanya hivyo, kwa kuwa sifa hiyo huyachukulia maandishi kuwa maandishi tu.

Imeenea imani kwamba kuigusa DOM ni ghali, na imani hiyo imetumiwa kuhalalisha mambo mengi. Ukweli ni mwembamba zaidi. Kuhamisha nodi 31 hakugharimu chochote kinachoweza kuhisiwa. Kinachogharimu ni hesabu ya mpangilio, ambapo kivinjari hukokotoa upana, urefu na mahali pa kila elementi, na hesabu hiyo kwa kawaida huahirishwa mpaka programu imalize zamu yake. JavaScript ya ukurasa na uchoraji wa ukurasa hushirikiana uzi mmoja wa utendaji, kwa hiyo mabadiliko yote yaliyofanywa ndani ya kisikilizi kimoja huchorwa kwa pamoja. Mwandishi huivunja neema hiyo mwenyewe anapohamisha nodi, kisha akauliza urefu wa elementi kwa offsetHeight, kisha akahamisha nyingine na kuuliza tena, kwa maana kila swali hukilazimisha kivinjari kukokotoa upya papo hapo ili kitoe jibu la kweli. Kusoma vipimo vyote kwanza na kubadilisha baadaye hutosha kuondoa tatizo hilo. Ushauri wa zamani wa kukusanya nodi ndani ya DocumentFragment, yaani mzazi wa muda asiyeonekana, hauna madhara, ila faida yake ya kasi imetiwa chumvi.

Uzi huohuo mmoja ndio unaofanya kisikilizi kizito kuonekana kama kitufe kilichokufa. Skrini nyingi huchorwa mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7 hivi, na kisikilizi kikichukua sekunde nzima, fursa 60 za kuchora zimepita bila mtumiaji kuonyeshwa hata kwamba amri yake imepokewa. Mtumiaji wa namna hiyo hubofya tena, na mibofyo hupanga foleni ikisubiri. Tangu Machi 2024 Google huvihesabu vipimo vya mwitikio wa namna hii katika kutathmini ubora wa kurasa, na huona kuwa mwema ule usiozidi milisekunde 200. Kitufe kinachoanzisha jambo lisilotakiwa kurudiwa, kama malipo, huzimwa kwa sifa ya disabled mara tu kinapobofywa, ingawa ulinzi wa kweli dhidi ya malipo kufanyika mara mbili hauwezi kuachiwa kitufe. Ni lazima seva iweze kulitambua ombi lililorudiwa, kwa kuwa mtandao unaweza kulituma tena hata kama mtumiaji alibofya mara moja tu.

Zana zilizojengwa juu ya DOM zinaweza kusomwa kama majibu mbalimbali kwa swali la utambulisho. Maktaba ya jQuery, iliyotolewa na John Resig mwaka 2006, haikulibadilisha swali. Ilificha tofauti za vivinjari na kufanya kukasimu na kuhamisha kuandikike kwa maneno machache. React, iliyotolewa kwa umma na Facebook mwaka 2013, ilifanya jambo la kijasiri zaidi: ilimruhusu mwandishi kuutazama ukurasa kama kitu kinachoandikwa upya kila mara, kisha yenyewe ikalinganisha maandiko mapya na ya zamani na kuigusa DOM palipotofautiana tu. Lakini mlinganishaji huyo hawezi kujua kama mstari wa tatu wa sasa ndio uliokuwa wa kwanza awali, isipokuwa aambiwe, na ndiyo maana kila kipengele cha orodha hutakiwa kupewa ufunguo, sifa iitwayo key. Anayeupuuza ufunguo, au anayetumia namba ya nafasi kuwa ufunguo, huikuta orodha yake ikipangwa kwa majina huku visanduku vya maelezo vikibaki pale pale, na yaliyoandikwa kuhusu Mwanza yakisomeka chini ya jina la Arusha. Swali lililofichwa limerudi kwa mlango wa nyuma.

Tofauti za zana hizo huonekana pia katika hesabu ya hatua. Vue 3 hutafuta kwanza mfululizo mrefu kuliko yote wa vipengele ambavyo tayari vimefuatana inavyotakiwa, huviacha vilipo, na kuhamisha vilivyobaki tu. React hutumia kanuni nyepesi zaidi, ambayo kwayo kipengele cha mwisho kikipelekwa mwanzoni, chenyewe huachwa kilipo na vingine vyote huhamishwa kimoja kimoja nyuma yake. Kwa mikoa 31 tofauti hiyo haionekani, na kwa mstari unaocheza video inaweza kuonekana, kwa sababu zitakazotajwa hivi punde. Katika kukasimu, React hufunga visikilizi vyake sehemu moja tu iliyo juu. Toleo la 17 la mwaka 2020 liliihamisha sehemu hiyo kutoka kwenye hati nzima hadi kwenye elementi inayobeba programu, ili programu mbili ziweze kuishi katika ukurasa mmoja bila kuingiliana.

Kuna njia nyingine ya kupanga upya isiyogusa mti kabisa, nayo ni sifa ya order katika CSS, lugha ya mitindo ya kurasa, inayoviamuru vipengele vionekane kwa mfuatano tofauti na ule wa mti. Ni ya haraka, na ni hatari kwa kiwango hichohicho, kwa maana anayetumia kibodi na anayesomewa na kisoma skrini kwa kawaida huufuata mti na si macho: mtu anayeona Dar es Salaam ikiwa ya kwanza atabonyeza Tab na kujikuta Arusha. Mpangilio wenye maana, kama huu wa idadi ya watu, ni lazima uwe wa mti wenyewe. Mtumiaji asiyeona atangaziwe pia kwamba mpangilio umebadilika, ama kwa sifa ya aria-sort kama orodha ni jedwali, ama kwa sentensi fupi ndani ya elementi yenye aria-live, kwa sababu kwake kubofya kitufe bila kusikia lolote ni sawa na kitufe kisichofanya kazi.

Linabaki jambo ambalo hata anayehamisha nodi ileile kwa uangalifu hakuweza kulikwepa kwa miaka mingi. Ndani ya kivinjari, kuhamisha kumekuwa daima ni kuondoa kukifuatiwa na kupachika, na katika nukta ile nodi inapokuwa nje ya mti baadhi ya hali yake hupotea: ukurasa uliopachikwa kwa iframe hupakiwa upya, video husimama, uhuishaji wa CSS huanza mwanzo, na elementi iliyokuwa ikisubiri amri za kibodi huachwa. Athari ya mwisho ndiyo inayowaumiza watumiaji wengi katika orodha ya mikoa. Anayebonyeza Enter kwenye kitufe cha kuisogeza Mwanza juu amekihamisha pia kitufe alichokishika, kwa kuwa kimo ndani ya Mwanza, na akibonyeza Enter mara ya pili hakuna kinachotokea, maana kibodi yake haielekei popote. Waandishi wazoefu hulikwepa hilo kwa hila ndogo: badala ya kuipachika Mwanza mbele ya ndugu aliye juu yake, humchukua ndugu huyo na kumpachika nyuma ya Mwanza. Matokeo machoni ni yaleyale, lakini aliyeng'olewa ni jirani, na kitufe kilichoshikwa hakikutoka mahali pake.

Mwanzoni mwa 2025 toleo la 133 la Chrome lilileta mbinu mpya ya moveBefore, inayopokea hoja zilezile za insertBefore ila inahamisha kweli bila kuondoa: iframe haipakiwi upya, uhuishaji unaendelea ulipofikia, na kibodi inabaki kwenye kitufe chake. Masharti yake ni makali, kwa kuwa nodi ni lazima iwe inahama ndani ya mti uleule. Inayotoka nje ya hati kuja ndani, au kutoka hati moja kwenda nyingine, husababisha kosa, na mwandishi hulazimika kurudi kwenye insertBefore. Anayeandika kwa ajili ya watu wenye simu za zamani hawezi kuitegemea peke yake. Huuliza kwanza kama kivinjari kinaijua, na kama hakiijui, hila ya kumhamisha jirani bado inafanya kazi kama ilivyofanya kazi siku zote.